Mashahidi wa Micah

Sasa hii ilikuwa mwaka wa hamsini na nane, mwezi wa nne, na mvua ilikuwa inapiga mabati ya Wangui kama mtu amefungiwa nje. Wangui aliuza chai nyuma ya stesheni ya Nakuru. Benchi ilikuwa moja tu, na walioikalia walikuwa wale wale. Kulikuwa na Makokha, aliyeitwa Pointi kwa sababu kazi yake ilikuwa kugeuza reli ili treni ya Kisumu isijikute inaenda Kampala. Kulikuwa na Omolo Fayamani, wa moto wa injini, nyusi alikuwa nazo zamani. Na kulikuwa na Wanyoike Waru, wa kuleta viazi kutoka Molo, vikubwa juu ya gunia, vidogo chini.

Omolo alikuwa na gazeti.

"Haya! Ile chombo Warusi walitupa juu na mbwa ndani, imeanguka. Imeungua huko huko njiani."

"Na mbwa je?" Wangui akauliza.

"Mbwa alikufa kitambo, mama."

"Maskini! Na hata hakuomba kwenda."

Wanyoike akapiga goti. "Ndiyo dunia hii! Mbwa hakuomba, akapewa nafasi. Micah wa Pointi ameomba vyuo vinne vya Amerika, hajapewa hata mahali pa kusimama!"

Makokha akaweka kikombe chini polepole. Neno lilikuwa limemgusa mahali pabaya. Kijana wake Micah alimaliza Makerere, akawa mwalimu, na sasa alitaka kwenda mbele na hesabu. Vyuo vitatu vilikuwa vimeshakataa. Kilibaki kimoja, na kijana alikuwa amekonda, chakula anakizungusha tu kwa sahani. Makokha mwenyewe alikuwa anapita posta hata Jumapili, anaangalia mlango uliofungwa, anarudi.

"Lakini Pointi," Omolo akasema, "hesabu si alimaliza? Kama bado iko ingine, ile ya kwanza walimwibia?"

"Ile ya kwanza ni ya kutafuta jibu. Hii ya sasa, Micah ameniambia, jibu hawatafuti. Wanatafuta kama jibu liko."

"Na wakijua liko?"

"Basi. Wanafurahi, wanaenda nyumbani."

"Hiyo naijua! Hiyo ni stoo yetu ya reli! Unaenda kuomba spana, karani anaangalia kitabu, anakwambia spana iko. Anafunga dirisha."

Wangui alicheka mpaka chai ikamwagika. Hata Makokha akaonyesha jino moja.

"Wewe usiwe na wasiwasi," Wanyoike akasema. "Atachukuliwa. Si sisi tuliandika?"

Omolo akamkanyaga Wanyoike mguu, lakini amechelewa.

"Mliandika nini?" Makokha akauliza.

"Pointi, ni wewe ulilia hapa!" Wanyoike akasema. " Ulisema Amerika wanataka mashahidi wanaomjua kijana vizuri, na Micah ameweka wazungu wawili wa Makerere. Wazungu! Wanamjua tangu lini? Kamasi yake walipanguza? Tukaona ni aibu. Tukaenda kwa Karanja, yule wa kuandikia watu barua pale posta."

"Mimi nilisema vizuri tu," Omolo akasema haraka. "Kwamba hajawahi kupanda treni bila tikiti."

"Na wewe Waru?"

Wanyoike akavuta kofia. "Mimi nilisema ukweli. Shahidi wa kusifu tu nani atamwamini? Lazima uweke kosa kidogo. Nikaweka ile ya kondoo."

"Kondoo gani?"

"Nilipokuwa nyapara kule Keringet, na Micah akaja kibarua wakati wa likizo. Nilimwambia ahesabu kondoo pale kwa josho. Yeye akahesabu miguu, akagawanya kwa nne, akaniletea kondoo thelathini na nusu. Na akabisha mpaka jioni!"

Makokha akasimama.

"Wanyoike. Umewaandikia watu wa hesabu, Amerika, ya kwamba mtoto yangu hajui kuhesabu?"

"Nilisema pia ana heshima..."

"Umeniua! Gunia lako unaficha vidogo chini, mtoto yangu unaweka vidogo juu!"

Alikuwa ameshika kola ya Wanyoike wakati Micah aliingia na mvua yake, bahasha mkononi imefunguliwa.

"Baba. Wamenichukua."

Makokha aliachilia kola, akatafuta benchi kwa mkono kama kipofu, akakaa.

"Kile chuo cha nne, na karo watalipa wao," Micah akasema. "Lakini kuna neno sielewi. Profesa anasema niwasalimie mashahidi wa Nakuru. Anasema barua ya kondoo ilisomwa kwa mkutano, na hapo ndipo walijua mimi ni mwenzao. Kwao hakuna hata mmoja anayeweza kuhesabu kondoo."

Wangui akapiga vigelegele. Makokha akafunika uso na kofia ya kazi, mabega yanaruka, na hakuna aliyeuliza kama ni kicheko.

Wanyoike sasa alikuwa amevimba kama chura. "Si niliwaambia? Ukweli! Na vile mko hapa wote, hata mimi nina ombi. Nataka kuwa mzee wa kanisa kule Molo. Mchungaji anataka mashahidi watatu wanaonijua vizuri."

Makokha akatoa kofia usoni. Macho yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa yanacheka.

"Nitakuandikia, ndugu yangu. Ukweli mtupu."

"Mimi nitaweka magunia," Omolo akasema.

"Mimi nitaweka yule mama wa Gilgil unayempelekea viazi vikubwa peke yake," Wangui akasema, anapanguza kikombe.

Wanyoike akawaangalia mmoja mmoja. Akavaa koti, akaacha chai nusu, akatoka mbio kwa mvua, kutafuta kama Nakuru nzima iko watu watatu hawamjui.