Ngoma za Msafara Gesti

Alhamisi, 13 Juni 2024
Wiki ya tano gesti yetu haina mgeni. Mke wangu Josepha kasema wazi: Jumapili ikipita bila mgeni wa kulipa, nyumba anapewa kaka yake, Vedasto, aweke tumbaku. Tumbaku! Nyumba waliyopumzikia wakuu wa misafara, kuta nene hivi, mlango wa nakshi! Shemeji kaja leo na futi kamba, kapima mpaka chumba chetu cha kulala. Nilimkaribisha vizuri. Kisha nikaificha futi kamba.

Ijumaa, 14 Juni
Akili imekuja! Zamani msafara uliingia Tabora kwa ngoma. Basi nami nitapokea abiria kwa ngoma. Nimempigia simu Mzee Ndayisenga, kiongozi wa wapiga ngoma kule Ulyankulu, shikamoo mbili mfululizo. Kakubali kuleta wapigaji. Malipo: chakula na malazi. Josepha kauliza ni wangapi. Nikasema wachache.

Jumamosi, 15 Juni
Wamekuja kumi na wawili. Vitanda vyote ni kumi na viwili. Gesti imejaa, na hakuna anayelipa! Josepha kasonga ugali sufuria mbili, akigonga mwiko kwa nguvu. Naogopa sana mwiko ukilia hivyo.

Jumapili, 16 Juni
Baada ya misa, likaja basi la dereva Shilinde kutoka Urambo. Ngoma zikalia. Lo! Shilinde akafunga breki, akidhani tairi limepasuka. Abiria wote wakashuka! Vigelegele, vumbi, bibi mmoja kavua viatu acheze. Nilifurahi hadi machozi. Njaa ilipowashika, wakavuka barabara kula kwa Levina mama ntilie, kwa sababu mpishi wangu, Josepha, alikuwa katikati ya duara anacheza. Basi likaondoka. Wapiga ngoma wakadandia lori, wakarudi kwao. Vedasto akaanza kushusha marobota ya tumbaku mlangoni. Nilikaa chini, nikashika tama.
Mara sauti nyuma ya nyumba: hodi! Mwalimu Octavian, mstaafu wa Urambo, abiria wa basi lile. Kacheza mpaka basi limemwacha. Kalipa chumba! Vedasto kapakia marobota yake upya, na mimi nikamsaidia kwa moyo mweupe.

Jumatatu, 17 Juni
Mwalimu kaongeza siku tatu. Anasema kapenda ubaridi wa kuta, maharage ya Josepha, na zaidi ya yote utulivu. Kaomba asisikie ngoma tena. Adabu tu hiyo, hataki kunisumbua. Nimeshampigia Mzee Ndayisenga: alete watu thelathini, waanze alfajiri, chini ya dirisha la Mwalimu.