Dume Mwenye Kilima Kirefu

Jumatatu, 5 Agosti 1996. Mbamba Bay.

Nimegundua siri! Leo Nathanieli, mvuvi mwenye shati la kifungo kimoja, alinipakia mtumbwini. Ziwa limetulia, mpaka chini kunaonekana. Samaki dume, wa buluu, anabeba mchanga kwa mdomo, anarundika kilima. Majike wanapita, wanakagua. Nathanieli akasema jike humfuata mwenye kilima kirefu. Mjinga! Kanipa silaha mwenyewe. Wote wawili tunamtaka Violet, muuza usipa, vile vidagaa vya ziwani. Mimi Mmatengo wa Kitura kule milimani, karani wa kahawa mpaka walipokuja hao wanunuzi binafsi, nishindwe na mtu anayenuka samaki? Haiwezekani.

Jumatano, 7 Agosti.

Nimebeba mchanga toka ufukweni kwa magunia ya kahawa. Nimeurundika mbele ya chumba nilichopanga, jirani na chanja anazoanikia Violet usipa wake. Mgongo umekufa. Hapa mtu akiona mchanga mlangoni kwako anajua unajenga, na anayejenga anaoa. Violet akaniuliza matofali yanakuja lini. Nikamjibu yako njiani. Alicheka vizuri sana! Nathanieli akajitolea kunibebea gunia. Nikamkatalia. Anataka aje ajidai kilima ni chake.

Ijumaa, 9 Agosti.

Kilima kimenifika kifuani. Nikavaa koti la mtumba, la buluu, nikapanda juu, nikajitikisa kama yule dume. Jua kali. Violet akaniuliza kama siafu wameniingia kwenye suruali. Tena akamtuma Nathanieli alete majivu! Aibu gani hii? Mama yake Violet akapita, nikamwamkia Shikamoo nikiwa kule kule juu. Akaitikia huku anaangalia pembeni. Watu hawana adabu.

Jumamosi, 10 Agosti.

Mwera, ule upepo wa kusini! Umevuma tangu asubuhi. Kilima changu, jasho langu, chote kimehamia kwenye chanja. Usipa wa Violet, wa kupeleka Mbinga, umekuwa mchanga mtupu. Alilia. Iliniuma, kweli. Nikamweleza kosa ni la upepo. Akaniambia mchanga haukutembea wenyewe kutoka ufukweni. Nathanieli akachota maji, wakauosha usipa wao wawili hadi jioni. Msaliti! Mtu hana hata kijiko cha mchanga. Mimi ilibidi nisimame kulinda kilichobaki.

Jumapili, 25 Agosti.

Leo kanisani kwao Waanglikana imetangazwa ndoa ya Violet na Nathanieli. Mama mwenye nyumba ndiye aliyeniletea habari, tena anacheka. Sikula. Mchana bwana harusi akaja na Violet wake. Akaniita kaka Pankras, akaomba mchanga uliobaki. Anajenga! Kumbe matofali kafyatua zamani, nyuma ya nyumba, asionekane na mtu. Dume gani huyo? Nikawapa. Nilitaka Violet aone roho yangu ilivyo kubwa. Alikuwa anamfunga Nathanieli kile kifungo.

Nimelia kidogo. Kisha nimetafakari, na kosa nimeliona. Kilima kilikuwa kifupi. Basi! Kesho naanza kingine, kipite paa. Eliza naye ni muuza usipa, na chanja zake ziko kule chini, upepo unakopiga vizuri. Nitakiweka pale pale karibu, akiinua macho tu akione.