Makumbusho ya Banda la Ngozi

Jumatatu, 2 Julai 1979

Leo nimefungua makumbusho ya kwanza Kathonzweni! Mimi, Jonah Musembi, niliyefukuzwa ualimu kwa wivu wa watu. (Na kuchelewa. Lakini zaidi ni wivu.) Banda la ngozi lilikuwa tupu tangu mnunuzi wa ngozi ahame. Nimemwaga dawa ya choo ndoo nzima. Sasa linanuka ngozi na choo.

Vitu vya kale vimetoka kwa mama mkwe. Mke wangu Nzilani ndiye aliyemwomba. Jiwe la kusagia, vibuyu, kiti cha miguu mitatu, upinde wa marehemu baba mkwe, ngozi ya ng'ombe ya kulalia. Kila kimoja nimekiwekea kibao: USIGUSE. Ndivyo nilivyoona Nairobi. Hakuna aliyegusa kitu, na kila mtu alitoka na akili.

Chifu amesema wazi. Ijumaa anakuja afisa wa elimu kutoka Machakos, Bi Sauda. Akiona banda linawafaa watoto, funguo ni zangu, na pengine mshahara. Asipoona, Yakub wa hoteli ataweka posho mill, mashine ya kusaga unga, humo. Injini yake imeshafika, imelala uani chini ya turubai. Nikishindwa, Nzilani amesema nitaenda kulima kwa kaka zake. Mimi! Nilime kwa mashemeji!

Yakub alinisalimia akitabasamu. Simwamini mtu anayetabasamu kabla ya chai.

Jumanne, 3 Julai

Darasa la nne walikuja. Nikawahutubia juu ya umuhimu wa makumbusho mpaka mmoja akasinzia wima. Binti yangu Mutindi akauliza kama kibuyu cha nyanya yake bado kinanukia maziwa. Nikamwonyesha kibao. Nilipogeuka, nusu ya darasa ilikuwa imeruka dirisha kwenda kuona injini ya Yakub. Na Yakub anawaacha wazungushe gurudumu! Mtu hana adabu ya elimu hata kidogo.

Shida ni heshima. Watoto wa leo hawana. Jioni nimeandika kibao kikubwa kwa rangi nyekundu: NTHONI, HESHIMA YETU WAKAMBA. MTU HAONANI USO KWA USO NA MAMA MKWE WAKE. AKIMWONA NJIANI, AINGIE KICHAKANI. Kimependeza sana.

Jumatano, 4 Julai

Woi! Mama mkwe amekuja!

Alitokea mlangoni na mawele kichwani. Nikatoka kwa dirisha, suruali ikabaki nusu kwenye msumari. Nikiwa nyuma ya ukuta nikamsikia akisema amekuja kusaga, jiwe ni lake, na hakuna aliyemwambia kwamba jiwe limestaafu.

Waliookoka siku hizi wanasalimiana na wakwe zao kwa mkono. Najua. Lakini mimi nimeandika kibao chekundu! Niingie vipi?

Yakub aliona yote. Watu wake walitoka pwani, nthoni haimhusu. Mama mkwe wake humkaripia ana kwa ana mbele ya wateja. Akampelekea mama mkwe wangu chai, tena ya maziwa! Kisha akanifuata nyuma ya banda kuniambia kwa upole kwamba kibao changu kimemgusa, na kwamba mimi ni mfano kwa vijana.

Alhamisi, 5 Julai

Asubuhi nimerudisha jiwe kwake kwa mkokoteni, nikalitua langoni nikakimbia. Bila jiwe, atafuata nini?

Akaja. Alileta kyondo, kikapu ambacho hajamaliza kusuka, na makonge kwapani. Alisema kwake nyumbani hakuna watoto, na hapa wamejaa.

Siku nzima nimekaa nyuma ya ukuta kwenye upupu, sikio kwenye tundu. Vibao vyangu wamevikalia! Anawafundisha kusokota makonge juu ya paja, wanapiga kelele kwamba inauma, wanataka tena. Mtoto mmoja akasema kwao kuna kibuyu kama hiki, wanawekea mbegu, atakileta. Akina mama wakaja kutafuta watoto wao, nao wakaketi, wakaanza kubishana namna ya kufukiza kibuyu ili maziwa yasiharibike. Kila mtu anamwita Susu, yaani bibi, kama vile ni nyanya wa soko zima. Akawasimulia jinsi baba mkwe alivyomkosa paa akapata mbuzi wa jirani. Nilicheka mpaka nikasahau kwamba nimekasirika. Halafu nikakumbuka. Makumbusho ni yangu na wanaofurahi ni wao! Wivu uliniuma kuliko upupu.

Nzilani anasema jambo ni dogo. Nimpelekee mama yake mbuzi na blanketi, nthoni iondolewe, niingie kwa mlango kama watu. Mbuzi! Ninaye mmoja tu. Nimemwambia nina mpango bora.

Ijumaa, 6 Julai

Naandika nimelala kifudifudi. Sababu itaonekana.

Mpango: niingie kabla ya mama mkwe, nijifunike ile ngozi ya kulalia, nisikilize. Yeye akitoka kunywa chai ya Yakub, nachomoka, namhutubia Bi Sauda, napewa funguo. Mpango safi. Hata sasa sioni kosa lake.

Bi Sauda alifika na chifu na darasa zima. Mama mkwe hakutoka kunywa chai. Yakub aliileta ndani, mwovu yule! Susu akaonyesha vibuyu, watoto wakanusa. Akaonyesha upinde, wakavuta. Bi Sauda mwenyewe alivua viatu akasokota makonge. Kisha mtoto mmoja akauliza kuhusu ngozi. Nilimtambua kwa sauti. Ni Mutindi, damu yangu mwenyewe.

Susu akaeleza kwamba ngozi ya kulalia hujaa vumbi na kunguni, kwa hiyo hupigwa kwa fimbo. Na kwamba hii imefura vibaya, lazima ina vumbi la miaka.

Wakapewa fimbo! Kwa zamu! Darasa la nne wana nguvu, hawa watoto wanakula nini? Na mimi siwezi kulia, kwa sababu mama mkwe yupo. Nilivumilia. Ilipofika zamu ya chifu, nikashindwa. Nikainuka na ngozi yangu na kutambaa kuelekea mlangoni. Bi Sauda akapiga yowe. Susu akaona miguu, akaijua suruali iliyoraruka, akageuka haraka akajifunika leso usoni. Yeye ana heshima, siwezi kukana.

Watoto wakapiga makofi. Bi Sauda alidhani ni mchezo wa kuigiza tulioupanga. Akasema hajawahi kuona mahali ambapo mtoto, mzazi na mzee wanasoma darasa moja. Nilisimama nje ndani ya ngozi. Nimeshinda!

Funguo amepewa Susu.

Jumamosi, 7 Julai

Mgongo. Shingo. Kila mahali.

Chifu amethibitisha. Susu ndiye mtunzaji. Watu wanaleta vitu vyao wenyewe, na wakivihitaji wanakuja kuvichukua. Yakub hata hakasiriki! Amepeleka injini nyuma ya hoteli na kuweka benchi la kuuzia wageni maandazi. Mimi siwezi kukanyaga ndani maadamu mama mkwe yumo, na yumo kutwa. Nzilani amerudia habari ya mbuzi. Nikamwambia mtu mwenye maono hanunui mlango kwa mbuzi. Mashemeji wameniletea jembe.

Jumapili, 8 Julai

Nimeamka na wazo! Kanisani sikusikia hata neno moja la mahubiri.

Kathonzweni ni padogo kwangu. Naenda Makindu. Makumbusho ya reli! Vyuma, taa, filimbi, vyote na vibao vya USIGUSE. Vitu vya wanaume, vya grisi, hakuna nyanya atakayekuja kuvidai. Chumba kipo, mbele kabisa ya stesheni.

Nzilani, akisonga ugali, akasema niangalie, maana mama yake mdogo amehamia huko, anauza chakula cha muthokoi hapo hapo stesheni kuanzia alfajiri hadi usiku, na dada wa mama ni mama.

Nimemwambia vizuri sana, wageni wangu watahitaji chakula. Naondoka kesho.