Hoja Nilishinda, Paja Likaniangusha

Yona na Eliamani, ndugu zangu,

Leo nimeumbuliwa mbele ya soko zima la Arusha. Nina hasira hata kalamu imeshatoboa karatasi mara mbili. Nawaandikia mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa madereva wa malori. Wale mpaka wafike huko Moshi watakuwa wameshaongeza chumvi, na jambo lenyewe halihitaji chumvi.

Yupo hapa mjini fundi cherehani mmoja, Mzee Athumani, mtu wa Kondoa, anashonea kwenye baraza ya duka la Mhindi karibu na soko. Anashona kanzu za Waislamu wenzake, kaptula za makarani wa boma, na (sikieni hili) joho la Mchungaji wetu. Kila Jumamosi, huku anakanyaga cherehani, anajadiliana dini na Mkristo yeyote mwenye ubavu. Hapandishi sauti. Hatukani mtu. Anauliza swali, anakata uzi kwa meno, anakusubiri. Afadhali angetukana!

Jumamosi iliyopita aliniuliza Mungu mmoja anakuwaje watatu. Nikamjibu kwa mafiga: mafiga ni matatu, jiko ni moja. Nilijiona nimemaliza kazi. Akatikisa kichwa kwa heshima zote.

"Sawa, mwalimu. Nikiondoa figa moja, chungu kinaanguka. Na Mungu wako je?"

Soko lilicheka! Mama mmoja muuza ndizi alicheka mpaka akaketi juu ya ndizi zake. Nilirudi nyumbani nimejaa hasira, nikamkaripia mke wangu kwa sababu alikuwa amepika kwa mafiga. (Angepikia nini kingine, maskini?)

Habari zikamfikia Mchungaji Zakaria. Na hapo ndipo penye shida yangu yote. Kesho baada ya ibada, wazee wa kanisa wanachagua mmoja wetu sisi walimu wa dini apelekwe chuo cha uchungaji. Mmoja tu. Majina ni mawili: mimi, na Filipo, yule anayesinzia hata akiwa anahubiri yeye mwenyewe. Miaka sita nimeingoja nafasi hii. Mchungaji akaniambia, "Jumamosi nitakuja sokoni na wazee wawili. Tuone kama unaweza kusimama."

Basi nikajiandaa. Safari hii niliamua kwenda na jambo linalonikera tangu utoto: kuchinja. Mnajua ilivyo. Mkristo akiwa na harusi, ng'ombe ni wake, zizi ni lake, kisu ni chake, lakini hawezi kumchinja ng'ombe wake mwenyewe, maana wageni Waislamu hawatakula. Anatumwa mtu kwenda kumtafuta Mwislamu, hata ikibidi atolewe Usa River. Mwaka ule wa sikukuu ya Mfalme wa Uingereza, boma lilitoa ng'ombe wawili kwa watu wote, na sisi tulisimama pembeni na visu vyetu tukitazama kama wageni. Kwani mikono yetu ina ukoma? Nikamfuata karani mmoja Mwislamu niliyesoma naye, akanionyesha kwamba Kitabu chao wenyewe kinasema chakula cha watu waliopewa Kitabu ni halali kwao. Watu waliopewa Kitabu ndio sisi! Wiki nzima nililala na hoja hiyo kifuani.

Jana jioni nilikwenda kulala Ngaramtoni kwa baba mkwe wangu, Mzee Lomayani. Ni mzee wa mila, hajabatizwa, na sikio moja halisikii sawasawa, lakini kwa kuniheshimu hana mfano. Alikuwa amesikia kwamba huenda mkwe wake akawa mchungaji. Asubuhi naamka, nakuta wazee wa rika lake wameshajaa, na kondoo dume aliyenona anangoja. Kwa heshima yangu!

Nyinyi mnajua Waarusha tunavyoua mnyama. Hakuna kisu shingoni. Anashikwa, anazibwa pua na mdomo mpaka anatulia. Kisha anapasuliwa, ngozi ya shingoni inavutwa iwe kama bakuli, damu inajikusanya humo, na watu wanapiga magoti kunywa ingali moto. Baba mkwe akanionyesha kwa kidole.

"Mkwe wangu, wewe kwanza."

Ningefanya nini? Semeni nyinyi mnaojua! Ni baba mkwe. Ameua kondoo kwa ajili yangu. Wazee tisa wananitazama. Nikapiga magoti nikanywa. (Nilikusudia kuonja tu. Ilikuwa nzuri. Basi, nimesema.)

Nilipoaga, akanifungia paja zima kwenye majani ya mgomba. "Mpe Mchungaji. Ajue kwamba una watu nyuma yako." Nikalitia mkobani pamoja na Biblia, nikadandia lori.

Nilifika sokoni mapema. Mchungaji alikuwepo na wazee wake wawili, wamevaa makoti katika jua lile. Nami, kwa ujinga wangu, nikaupigapiga ule mkoba nikamnong'oneza, "Baba mkwe anakusalimu kwa paja la kondoo." Akatabasamu. Mdomo huponza kichwa, na wangu sijui nimeulisha nini.

"Shikamoo, Mzee Athumani."

"Marahaba, mwalimu. Mafiga hawajambo?"

Watu wakaanza kucheka kabla hata hatujaanza. Mzee akaanza na lile lake la siku zote, kwamba Mungu hana mwana, maana mwana hupatikana kwa mke.

"Mzee," nikamwambia, "wewe kila siku unajiita mwana wa Kondoa. Kondoa ilimwoa nani?"

Lo! Soko lilipasuka! Safari hii kwa upande wangu! Mzee Athumani mwenyewe alicheka mpaka sindano ikamdondoka. "Hilo limeingia," akasema. Nikamwona mzee mmoja wa kanisa anamgusa Mchungaji kiwiko. Nikapanda juu ya sanduku la Mhindi, nikatoa hoja yangu ya kuchinja.

Nilisema vizuri, ndugu zangu. Sijapata kusema vizuri namna ile. Nilitaja Kitabu chao, nikataja harusi zetu, nikauliza kwa nini Mwislamu akatae alichohalalishiwa na Mungu wake. Mzee Athumani akaacha kukanyaga cherehani.

"Mwalimu, umesema kweli. Imeandikwa hivyo. Wapo wanavyuoni wanaokubali, na wapo wanaoweka masharti. Ninaloliogopa mimi ni moja. Nyinyi watu wa huku mlimani mnatoa damu? Au mnanyonga?"

Hapo ndipo shetani alipopanda na yeye juu ya sanduku.

"Mzee!" nikapaza sauti. "Mitume wetu walituandikia Wakristo wa mataifa tujiepushe na damu na mnyama aliyenyongwa! Fungua Matendo ya Mitume, mlango wa kumi na tano! Mkristo anayekunywa damu si Mkristo, ni fisi aliyevaa shati!"

(Ndiyo. Nilisema fisi. Na shati nililovaa lilikuwa jipya.)

Watu wakapiga makofi. Mzee Athumani akasimama, akavua miwani. "Basi mimi nimeridhika. Kama Mkristo anachinja na damu anaimwaga, mimi Athumani nitakula nyama yake. Nikipewa leo, nakula leo."

Nilikuwa nimeshinda! Miaka yote ile ya kumsaka mchinjaji kijiji kwa kijiji, na mzee huyu amekubali mbele ya watu! Ningeshuka wakati ule nikaenda zangu, kesho ningekuwa mwanafunzi wa uchungaji.

"Mwalimu!" Ni Mchungaji, amesimama, uso unang'aa. "Si unalo paja mkobani? Litoe! Mzee ale!"

"Mchungaji, ile ni zawadi yako."

"Ni yangu, nami naitoa kwa furaha!"

"Amina," wakasema wazee wake wote wawili. Wapumbavu!

Mkono mmoja ukanivuta mkoba, mwingine ukafungua majani ya mgomba. Akaitwa Juma, muuza nyama wa bucha ya jirani, aje akate kipande. Juma ni mtu wa kazi yake. Hakukata. Alilibonyeza paja kwa kidole gumba, damu ikatoka. Akabonyeza pengine, ikatoka tena. Akanitazama.

"Mwalimu, huyu kondoo alichinjwa?"

Mtu mkweli angejibu ukweli. Mtu mwenye akili angezimia. Mimi nikasema, "Alichinjwa."

"Na nani?"

"Na... watu."

"Nani anasema kondoo wangu alichinjwa?"

Sauti hiyo niliijua kabla sijageuka. Mzee Lomayani alikuwa amekuja mjini kwa miguu na ngozi yake ya kuuza, na zaidi ya hiyo, alitaka kumwona mkwe wake akinena mbele za watu. Alipenya katikati ya umati amekasirika kama mtu aliyesingiziwa wizi.

"Mimi nichinje? Mimi nimwage damu chini kama maji ya kunawia miguu? Tulimziba pua taratibu, hata tone halikupotea! Mwulizeni mkwe wangu. Alipiga magoti akanywa, akanywa, mpaka wazee wakasema, jamani, na sisi tuachiwe!"



Kisha nikasikia mtu mmoja, nyuma kabisa, akisema polepole, "Fisi." Basi! Lile soko halikucheka, lililia. Watu walishikana mabega. Yule mama wa ndizi safari hii alilala kabisa. Mimi bado nilikuwa juu ya sanduku, kila mtu ananiona vizuri.

Mchungaji akanijia amevimba. "Damu! Na uongo juu yake! Na ulitaka kunilisha mimi kitu kilichonyongwa?"

Baba mkwe, kwa wema wake wote, akamshika Mchungaji mkono. Na kwa kuwa hasikii vizuri, humsemesha kila mtu kana kwamba yuko ng'ambo ya mto.

"Usiogope, Mchungaji! Ni kama ile ile ninayokuletea Krismasi! Na ile ya Pasaka! Si mama mchungaji alisema ni laini kuliko ya bucha?"

Mzee mmoja wa kanisa akatazama chini. Wa pili akatazama Mlima Meru, akautazama sana. "Nyani haoni kundule," akasema Juma, akarudi kwenye bucha yake. Kelele zikawa kubwa hata askari wa boma akaja na rungu kuuliza nani amekufa.

Aliyenitoa pale ni Mzee Athumani. Hakucheka, na hilo sitamsamehe. Aliwafukuza watu. "Nendeni, nina suruali ya mtu hapa." Akanipa kipande cha kitambaa cheusi nijifute mikono. "Mwalimu," akasema, "hoja yako nimeikubali, na siirudishi. Nyama ndiyo siwezi." Ningependa anishinde. Kushindwa nimezoea. Lakini kuhurumiwa na mtu uliyekuja kumwangusha, hilo limenikaa kooni mpaka sasa.

Mchungaji nilimkuta njiani kuelekea misheni, anakwenda mbio peke yake. Hakusimama.

"Kesho atapelekwa Filipo."

"Kwa sababu ya damu?"

"Kwa sababu ya uongo. Uliulizwa mbele ya watu, ukasema uongo."

"Na nyama ya Krismasi, Mchungaji?"

"Krismasi," akasema, "hakuna aliyeniuliza."

Nimelizungusha jibu hilo kichwani mchana kutwa. Nimempigia kelele mbuzi, nimeupiga teke mlango. Nina hasira na Mchungaji aliyekula akanyamaza. Nina hasira na Mitume walioandika barua ile bila kuwafikiria watu wenye wakwe. Lakini kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba kwa hilo la uongo, yule mtu ana haki. Ningesema "alinyongwa, na mimi nilikunywa, njoo tujadiliane," ningekuwa bado nina mahali pa kusimama. Nilikuwa na ukweli wa vitabu viwili mdomoni, nikashindwa kusema wa kondoo mmoja.

Halafu jioni hii Mzee Lomayani akapita hapa akirudi Ngaramtoni. Amefurahi kupita kiasi. Hakuelewa hata nusu ya yaliyosemwa. Alichoona ni mkwe wake juu ya sanduku na mji mzima umejaa furaha. "Umewafurahisha sana watu," ananiambia, macho yanamng'aa. "Mchungaji wa namna hiyo sijapata kuona." Kisha akaniuliza ninakwenda chuoni lini, kwa sababu ameshalitenga dume jeusi la siku ya kuniaga, na wazee wa rika lake ameshawaalika.

Dume limeshachaguliwa, ndugu zangu. Mimi sijachaguliwa. Nimemjibu kwamba tarehe bado.

Na atakayethubutu kucheka kati yenu, nitamleta Ngaramtoni, yeye ndiye akamwambie mzee.