Kirusi Kwenye Stoo ya Maharage

Venansi na Hamisi, leo nimeaibika! Nimejifungia chumbani, komeo juu na komeo chini, na huko nje nasikia kidato cha tatu wanacheka mpaka wanakohoa. Someni barua hii mkiwa mmekaa. Na wewe Hamisi, usiisome kwa sauti dukani kwenu. Kibondo yote itajua kabla ya magharibi.

Mnakumbuka Jumamosi hii mnakuja huku Heru Juu kuniposea kwa kina Adela. Wekeni hilo akilini, maana ndilo linalonitoa jasho hapa nilipo.

Asubuhi ilianza vizuri. Somo lilikuwa namna virusi wanavyoingia ndani ya bakteria. Nimelifundisha ubaoni mpaka chaki zimeisha, halijaingia kichwani mwa mtu. Nauliza, "Kirusi anamshambuliaje bakteria?" Zebedayo ananyoosha mkono. "Kwa meno, mwalimu." (Zebedayo ndiye wa kwanza darasani. Hebu mfikirieni wa mwisho.)

"Hana meno!" nikasema. "Hana mdomo, hana tumbo. Ana kichwa, mkia na vijiguu. Anatua juu ya bakteria, anatoboa ukuta, anasukuma ndani uzi wake unaoitwa DNA. Ganda linabaki nje, uzi ndio unaoingia. Ukishaingia unaiamuru seli: acha kazi zako, nitengenezee virusi wengine. Seli inatengeneza mpaka inajaa, inapasuka, wanatoka kutafuta bakteria wengine."

"Inatii tu, mwalimu?"

"Inatii tu."

Wakatazamana. Hawakuamini kwamba kuna kiumbe mjinga kiasi hicho.

Ndipo nikapata wazo la kuigiza. (Mawazo yangu mazuri yote huniletea hasara, mnanijua.) Stoo ya maharage ikawa bakteria: kuta nene za udongo, dirisha dogo lisilo na kioo. Tukachukua tenga kubwa la kuku, tukalitoboa kitako, tukalifunga vijiti vya mianzi viwe miguu, tukaliegemeza dirishani juu ya meza. Hilo likawa ganda. Na DNA? Mimi. Nani mwingine pale shuleni ana mwili wa uzi?

Ndani ya stoo nikawaficha wanafunzi wachache wenye vikapu kichwani. Hao ndio virusi wapya. Nikawaagiza, "Kaeni kimya. Nikishaingia, hesabuni mpaka kumi, halafu sukumeni mlango mtoke mkipiga kelele. Lolote litakalotokea, somo lisikatike!" Sentensi hiyo ya mwisho naijutia mpaka sasa.

Mkuu wa shule alikuwa anakuja kutazama, kwa hiyo nilikuwa nimevaa suruali yangu mpya, bugaluu lile pana chini linalofagia njia.

Sasa, nisichokijua mimi ni kwamba mama yake Adela alikuwa amefika na maharage ya kuiuzia shule. Hamisi, wewe si Muha, nikueleze: mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Tangu habari za posa zianze, nikimwona njiani naingia mgombani, naye anageuka na kujifunika kanga. Basi mama yule mwenye adabu zake akatokea nyuma ya jiko, akaniona mgongoni niko juu ya meza nahangaika na tenga. Akafanya ambacho kila mama mkwe wa heshima angefanya. Akakimbilia mlango wa karibu.

Mlango wa stoo!

Nimesimuliwa baadaye. Aliwakuta vijana gizani na vikapu vyao.

"Mnafanya nini humu?"

"Sisi ni virusi, mama. Karibu ukae."

Akakaa juu ya gunia, chini ya dirisha hasa, akajifunika kanga uso mzima, akangoja mkwe aondoke.

Nje, darasa zima limejipanga. Mkuu kafika, mikono nyuma. "Kirusi ametua!" nikapaza sauti. "Ametuaaa!" wakaitikia. Nikatanguliza kichwa ndani ya tenga, nikapita dirishani, mabega yakapita, tumbo likapita. Halafu nikakwama. Bugaluu limenasa kwenye mianzi. Nikapiga mateke. Wapi!

"Nisukumeni!" nikapiga kelele.

Wakanisukuma nyayoni, vijana wanaolima kila siku, wana nguvu za kung'oa kisiki. Mimi nikaingia. Bugaluu halikuingia.

"Mwalimu!" Zebedayo akashangilia huko nje. "Ganda limebaki nje!" Darasa zima likapiga makofi. Mwaka mzima nawafundisha, leo ndiyo wameelewa.

Nikaangukia kitu laini. Nikajua ni gunia. Gunia likasema, "Yoo, Mana yanje!" Gunia linamwita Mungu wake kwa Kiha!

Sauti ile naijua. Ndiyo inayomwita Adela jioni nikimchelewesha kisimani. 

"Mama, nisamehe, ni mimi..."

"Usiniambie wewe ni nani!" Mikono yote miwili imeshika kanga usoni.

"Ni mwalimu wa..."

"Nyamaza! Sitaki kujua!"

Gizani nyuma yangu nikasikia, "Saba... nane..."

"Ngojeni!" nikawaambia. "Acheni! Msifungue!"

"Somo lisikatike, mwalimu," wakanijibu kwa heshima kabisa. "Tisa... kumi!"

Mlango ukaruka. Virusi wakatoka mbio wakipiga vigelegele, gunia mojawapo likapasuliwa kwa mateke, maharage yakamwagika mpaka kwenye viatu vya mkuu. Mwanga ukaingia wote kwa pamoja. Nami nimepiga magoti mbele ya mama mkwe wangu, nimevaa chupi ya njano. (Imetoboka nyuma. Mimi ndiye niliyeupa mlango mgongo.)

Mkuu wa shule akakung'uta maharage viatuni. Kisha akauliza taratibu, "Mwalimu, hili limo kwenye muhtasari wa somo?"

Zebedayo akanyoosha mkono. "Mimi nimeelewa, mwalimu! Imejaa, imepasuka!"

Nikachomoka nje, bugaluu silioni, nikanyakua tenga, nikalivaa, nikakimbia nalo mpaka nyumbani, miguu ya mianzi ikinichapa mapajani. Nimekaa kitandani nikiwa ndani ya tenga. Jamani, nampenda Adela, na nililia. Mkwe kumgusa mama mkwe, tena bila suruali! Niliona Jumamosi imeshakufa.

Mchana Adela akaja, akasimama nje ya dirisha langu. Ameleta bugaluu, limekunjwa.

"Mama anasema hakumwona mtu," akaniambia.

"Hakumwona?"

"Alikuwa amejifunika. Baba kamuuliza kama ni yule mwalimu wa posa. Kasema kuna mtu alianguka, hamjui, na mkwe wake bado hajamwona."

Nilitaka kutoka nimkumbatie, nikakumbuka nimevaa tenga.

"Ila," akasema, na sauti yake ilikuwa inacheza, "siku ya posa mtu wa upande wenu akitaja dirisha, au maharage, au hata akitabasamu bila sababu, mama atakumbuka."

"Atakumbuka nini?"

"Yote."

Basi ndugu zangu, ndoa yangu iko mikononi mwenu. Ninyi ndio mtakaoongea na mzee, na mama atakuwa chumba cha pili anasikiliza. Na kwa bahati mbaya watatukaribisha kwa maharage, ndiyo mavuno ya sasa. Hamisi, nakufahamu. Ukiona mabega yameanza kutikisika, kohoa, toka nje, sema tumbo linakuuma. Chekeni leo, chekeni kesho, chekeni ndani ya basi mpaka Kasulu.

Lakini Jumamosi, atakayecheka ndiye atakayenisongea ugali maisha yake yote.