Mbuzi wa Mzee Ryoba na Jiko Lisilotoa Moshi

Jumatatu, 12 Mei

Siku ndefu. Maharage ya shule yalikuwa na mawe. Lakini kuna habari.

Madam Consolata ametangaza kwamba kaka Isaya wa kidato cha nne anaachia ufunguo wa maktaba kwa sababu ya mitihani. Atakayeupokea atajulikana baada ya kambi ya Klabu ya Mazingira, mwisho wa wiki hii, Butiama. Madam anamtafuta mtu anayejua kutunza vitu na kutunza watu. Waliojiandikisha ni wawili. Mimi na Mugeta.

Mugeta! Mara ya mwisho kuazima kitabu alikuwa kidato cha kwanza, na kilikuwa cha Biolojia, kwa ajili ya picha. Anautaka ufunguo kwa sababu maktaba ina feni. Amesema hivyo mwenyewe mbele ya darasa zima, na darasa likampigia makofi.

Mimi nautaka kwa sababu ya kabati la juu. Lina vitabu arobaini na kimoja ambavyo hakuna aliyevigusa tangu niingie shule hii. Nimevihesabu kupitia kioo. Vya rafu za chini nimeshavimaliza, pamoja na kile cha ufugaji wa nyuki, mara mbili. Tena mwenye ufunguo hukaa ndani wakati wa mapumziko, peke yake, na hakuna anayemwuliza kwa nini hachezi. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Sharti la kambi: hakuna kukata kuni. Kila mtu afikirie tutapikaje. Mugeta amesema tutaona hukohuko. Mimi nimeshafikiri. Mjomba Enos.

Jumatano, 14 Mei

Mjomba amekuja kutoka Bunda, anakowapikia watalii wanaolala kwenye mahema. Nilimwambia kwa simu kwamba shule inalihitaji lile jiko la mkaa alilonisimulia, kwa somo la Fizikia. Si uongo kabisa. Lina feni.

Jiko lenyewe si lake. Ni la wazee wawili, mume na mke, Wajerumani, wanaozunguka na nyumba yao nyuma ya gari. Wamemwachia alitunze mpaka warudi Julai. Mjomba amesema likipata hata mkwaruzo, nisimwite mjomba tena.

Linafanana na hotipoti kubwa. Mkaa unakaa katikati, kwenye kikombe chenye mfuniko, ili mafuta ya nyama yasiudondokee. Chini yake unatia jeli ya kuwashia kidogo, unawasha, unazungusha kitufe, na feni ya betri inapuliza. Dakika nne, moto tayari. Ubavuni halipati joto, unaweza kulibeba huku linawaka. Na halitoi moshi. Nilipiga magoti nikalizunguka. Hakuna.

Kijitabu cha maelekezo ni cha Kijerumani. Kamusi ya Kijerumani ipo shuleni, kwenye kabati la juu. Nikatumia picha. Picha ya sita ina hema lililokatwa kwa mstari mwekundu. Nikaelewa kwamba hema haliuzwi pamoja na jiko. Mama akakitazama mara moja tu, akasema mkaa mahali palipofungwa unaua, uwe na moshi usiwe na moshi, na nikiliingiza hemani sitarudi nyumbani Kigera. Mama hajui Kijerumani.

Nilijaribu kuchoma sato mmoja uani. Akaiva vizuri sana. Tena Mama Robi, jirani yetu, ambaye hutokea kila tukichoma samaki kabla hata hatujageuza upande wa pili, leo hakutokea. Nimeandika kwenye daftari: faida ya ziada. Mama alichukua kisu. Halafu akamkata samaki katikati, akapeleka nusu kwa Mama Robi kwenye sahani iliyofunikwa. Sikuuliza. Nilikuwa nasafisha wavu.

Ijumaa, 16 Mei

Butiama. Mgongo unauma. Nimepakata jiko njia nzima kwenye lori kama mtoto mchanga, na watu wakaniuliza lina miezi mingapi.

Tumepiga kambi kwa Mzee Ryoba, babu yake Dafroza wa darasani kwetu, pembeni ya zizi. Ametupokea vizuri. Amesema kesho asubuhi anatupa mbuzi.

Madam akauliza nani ana wazo la kumpika bila kukata kuni. Sipendi kusimama mbele ya watu. Nikampelekea karatasi. Akaisoma kwa sauti, yote, pamoja na sehemu niliyoandika "usisome kwa sauti". Akafurahi. Akasema huyu ndiye mwanamazingira, na mbuzi mzima yuko mikononi mwa Masatu, yaani mimi. Mugeta alikuwa anadundadunda mpira wake. Ushindi!

Baada ya chai nilipiga hesabu. Wavu unachukua vipande vinane. Nusu saa kila mzunguko. Tuko ishirini na watatu, kila mtu vipande sita. Mizunguko kumi na minane. Masaa tisa.

Nimepiga tena hesabu. Masaa tisa.

Jumamosi, 17 Mei

Sina nguvu ya kuandika lakini naandika.

Mbuzi alichinjwa saa moja, Mzee Ryoba mwenyewe akishika miguu. Niliweka jiko nyuma ya mahema, mbali na upepo na mbali na macho, nifanye kazi kwa utulivu. Nikabandika orodha ya kula. Kwa alfabeti, ili kusiwe na upendeleo.

Saa nne na nusu: vipande vinane vya kwanza. Laini. Hakuna moshi hata kidogo.

Saa saba: wamekula wanane. Betri nilizonunua mjini, Iringo, zimelegea. Nikatoa za tochi yangu, niliyokuja nayo kwa ajili ya kusoma.

Saa nane: wamekula tisa. Walioko herufi za mwisho wamelala chini. Mugeta alikuja akachuchumaa, akaliangalia jiko kwa muda mrefu, akauliza, "Profesa, hili linachoma nyama au linaiombea?" Wa herufi za mwisho walicheka kuliko wote, wakiwa wamelala vilevile.

Ndipo Mzee Ryoba akaja. Tangu asubuhi nilikuwa namwona amesimama uani kwake anatazama upande wetu, juu, angani. Nilidhani anatazama kama mvua itanyesha. Mara kaingia nyuma ya mahema, akatukuta na mabeseni ya nyama.

"Wajukuu zangu," akasema, polepole. "Nimewapa mbuzi saa moja asubuhi. Mpaka sasa sijaona moshi. Mmemla mbichi, au mmemficha?"

Madam akashika kichwa. Nilitaka kueleza. Nikampa kile kijitabu. Akakigeuzageuza, akaniangalia, akakirudisha.

Dafroza alinieleza pembeni, kwa hasira. Kwao ukipewa mbuzi unawasha moto mahali mwenye mbuzi atauona moshi. Moshi ndio mwaliko. Majirani wanaufuata na ugali wao, na kipande cha kwanza ni cha aliyetoa. Nyama isiyotoa moshi ni ya mchoyo au ya mwizi. Akaniuliza kama kwetu hawafundishagi hata hilo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, babu yake nitamwingiza kwenye orodha sasa hivi. Nikamwingiza. Herufi R, nafasi ya kumi na tisa.

Dafroza alikwenda kumwita Mugeta.

Mugeta hakumwuliza mtu. Akaomba magunzi kwa bibi yake Dafroza na samadi kavu zizini, akawasha moto katikati ya uwanja. Hakuna mti uliokatwa, siwezi kusema kitu. Lakini moshi! Mweupe, mzito, ulionekana labda mpaka Musoma. Mzee Ryoba akatikisa kichwa, akaanza kutabasamu. Majirani wakatokea kila upande, na ugali, na maziwa ya mgando. Baada ya saa moja hivi mbuzi alikuwa ameisha. Kipande cha kwanza Mugeta alimpelekea Mzee kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa. Nani kamfundisha?

Hata mimi nilikula. Nyama ilikuwa tamu. Shajara lazima iseme ukweli.

Jumapili, 18 Mei

Asubuhi imepotea bure.

Nilikuwa nafunga jiko kwenye mfuko wake, Bibi Nyangi, mke wa Mzee Ryoba, akaja akaomba kuliona. Macho yake ni mekundu na yanatoa machozi kila siku kwa sababu ya moshi wa jikoni. Basi nikalifungua tena. Nikamwonyesha kikombe cha mkaa, kitufe, tone la mwisho la jeli. Tulichoma viazi vitamu vitatu. Aliinamisha uso karibu kabisa na wavu, akingoja macho yawashe. Hayakuwasha. Akaendelea kuinama.

"Jiko hili halina kosa," akasema. "Linafaa watu wawili waliozeeka."

Nikamwambia ni kweli, wenye nalo ni wawili na wamezeeka. Sikuona kwa nini Madam, aliyekuwa amesimama na kikombe chake cha chai, alicheka. Tulichelewesha lori. Nikazimwaga betri zilizobaki kwenye kiganja cha Bibi kwa redio yake, maana zilikuwa zimekwisha nusu, na nusu ya betri hainisaidii kitu.

Njiani niliandika kichwani. Barua.

Jumanne, 20 Mei

Yameisha.

Jana nilimpelekea Madam barua. Kurasa nne. Kichwa: "Kasoro Kumi na Moja za Moshi wa Mugeta". Niliambatanisha orodha yangu ya kula, kuonyesha kwamba utaratibu ulikuwepo. Nilikuwa na uhakika nayo. Kasoro ya saba peke yake ilinichukua saa nzima.

Leo ametuita wote wawili ofisini. Akampa Mugeta ufunguo. Mugeta akaufungia kwenye uzi wa filimbi yake na kwenda kucheza. Madam akaniambia nibaki.

"Masatu," akasema, "jana saa nne nilikuwa nimeshaandika jina lako. Kwa sababu ya yule bibi na viazi vyake. Saa nne na nusu ukaniletea barua."

Nikauliza kama alifika kasoro ya saba. Akasema niende darasani.

Nimepita maktaba wakati wa mapumziko. Feni inazunguka. Mugeta amelala kwenye benchi, kichwa juu ya kamusi ya Kijerumani. Kwa hiyo kabati la juu linafunguka. Nimesimama dirishani mpaka kengele.

Nimefikiri sana. Kosa nimeliona. Barua ilikuwa fupi.

Pia lile jiko lilikuwa bado na moto, na penye moto watu watauliza moshi. Nimempigia Mjomba Enos kumwambia jiko ni zima, halina mkwaruzo. Akafurahi, akataja kwamba kuna watalii wengine wamemwachia birika linalochemsha maji kwa jua tu. Bila mkaa! Bila moto kabisa! Linachemsha vikombe viwili, jua likiwa kali.

Ijumaa ya wiki ijayo ni siku ya wazazi. Watakuja mia mbili, na Madam anatafuta wa kusimamia chai. Nimeshampelekea karatasi.

Sasa naandika orodha. Nimefika herufi D.