Operesheni Mpira wa Choo

"Wananchi wote mnatangaziwa kwamba, kuanzia leo, hakuna mtu binafsi atakayezibua kitu chochote."

Gari la matangazo lilizunguka na habari hiyo mtaa mzima. Mkurugenzi wa Maji Taka, aliyeyatunga maneno hayo mwenyewe, alifungua dirisha la ofisi ayasikie vizuri. Yalimkaa. Mipira ya kuzibulia choo, waya za kusukumia uchafu kwenye sinki, hata hanga za nguo zilizonyooshwa, vyote visalimishwe stoo ya Idara. Mizibo yote ingeshughulikiwa na mtaalamu aliyeidhinishwa. Mtaalamu hakuwepo bado, maana kamati ya kumwidhinisha ilikuwa inasubiri kuidhinishwa, lakini hayo ni mambo ya utekelezaji, na Mkurugenzi alikuwa mtu wa sera. Kwa hesabu yake, mtu anayezibua choo chake kimyakimya analinyima taifa takwimu.

Bi Povu, muuza sabuni wa mbele ya lango la Idara, aliuleta mpira wake ameukumbatia.

"Mwanangu, na sinki likigoma?"

"Usiliguse, mama. Toa taarifa."

"Nitoe taarifa huku nimesimama kwenye maji ya nani?"

Swali lilikuwa nje ya mada, kwa hiyo halikujibiwa. Mtaa ukaanza kunuka. Watu wakapita wameziba pua kwa kanga na kola za mashati, na Idara ikatangaza kwamba mwamko wa wananchi kuhusu maji taka umepanda.

Habari zikamfikia Waziri, naye akasema atakuja kujionea. Sasa hapo Mkurugenzi hakulala. Kiti cha Katibu Mkuu kilikuwa wazi, na Waziri ndiye wa kukijaza. Nyumbani mkewe alishaanza kumwita Katibu, na suti ilishashonwa. Choo cha wageni kikapakwa rangi upya.

Waziri akaja na waandishi wake, akanywa chai, akasifu, akaomba kuonyeshwa choo. Akaingia. Kisha sauti ikatoka nyuma ya mlango, ya chinichini:

"Mkurugenzi. Yanapanda."

"Mheshimiwa, ungetoka tu."

"Nitoke hivi, na kamera zimejaa koridoni? Lete mpira."

Mkurugenzi alikimbia stoo. Mtunza stoo alikuwa shemeji yake, na nyuma yake mipira ilijaa hadi darini.

"Shemeji, nipe mmoja, haraka."

"Hivi ni vielelezo, shemeji. Vinatoka kwa sahihi ya Waziri. Wewe ndiye uliyeagiza."

"Waziri yumo chooni."

"Basi asubiriwe atoke."

"Hatoki bila mpira."

"Hapo utaratibu umefika mwisho, shemeji yangu."

Karatasi ya kusainiwa ikapenyezwa chini ya mlango wa choo. Ikarudi yenyewe, ikielea.

Mkurugenzi akatoka mbio mpaka kwa Bi Povu. Roho ilimuuma kuomba, lakini ukatibu ulikuwa unazama.

"Mama, hukubakiza hata kiwaya?"

Bi Povu alimtazama juu mpaka chini, bila haraka.

"Vyote unavyo wewe. Labda mkono."

Basi akavua koti la suti mpya, akakunja shati mpaka begani, akaingia chooni. Waziri alikuwa amesimama juu ya ndoo, suruali kaikunja mpaka magotini, na wala hawakusalimiana. Mkurugenzi akapiga goti, akafumba macho, akazamisha mkono. Akapapasa, akavuta, akatoa tambara la fundi rangi. Maji yakashuka kwa mlio mzito, na Waziri akashuka kwenye ndoo, akakunjua suruali.

Mlango ukafunguliwa. Kamera zikamulika. Waziri hakuwa Waziri bure. Alishika bega la Mkurugenzi, lile kavu.

"Ndugu waandishi, mmekuwa mkiuliza mtaalamu yuko wapi. Ni huyu. Namwidhinisha hapa hapa, na atapita nyumba kwa nyumba. Ukatibu tutampa mtu asiye na kipaji."

Makofi yakapigwa, na shemeji ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote.

Habari ilitoka nje kabla yake. Alipofika langoni, majirani walishajipanga kuanzia meza ya Bi Povu mpaka kona, kila mtu na malalamiko yake. Mkurugenzi alinyoosha mkono achukue kipande cha sabuni. Bi Povu akakivuta pembeni, kwa upole kabisa.

"Usinawe kwanza, mwanangu. Tunaanzia kwangu."